Habari za Watoto wa Yungiyungi

Jumatatu, 4 Machi 1996

Siku kubwa. Ninaianza shajara hii leo kwa sababu watakaoandika habari za maisha yangu watahitaji tarehe sahihi.

Saa tatu asubuhi Mzee Ezekia, mkuu wa ofisi yetu ya maliasili hapa Mpanda, alituita mimi na Dorice akatusomea barua. Jumamosi anakuja Daktari Séverine, bingwa wa mimea ya maji. Atafanya utafiti wa miaka miwili katika mabwawa na vinamasi vya wilaya hii, na anatafuta msaidizi. Mmoja! Miaka hiyo ikiisha, msaidizi atapelekwa ng'ambo kusomea shahada ya pili. Kila anayeitaka nafasi awasilishe mimea ya maji aliyoikusanya mwenyewe, majina yake, na namna wenyeji wanavyoitumia kama dawa.

Sikuona sababu ya kushindana, ila utaratibu ni utaratibu. Mimi ni mhitimu wa Shahada ya Sayansi katika botania. Picha yangu ya mahafali ipo ukutani. Kofia ya mahafali pia ninayo, ile ya pembe nne yenye kishada. Joho nililirejesha chuoni. Kofia niliisahau ndani ya begi kwa uangalifu mkubwa.

Dorice ana cheti cha miaka miwili na daftari lenye picha ya twiga. Kwao ni Mamba, ambako watu hulima mpunga wakiwa wamezama magotini. Nilimweleza kwa upole kwamba mtu aliyekulia majini hawezi kuyatazama maji kwa jicho la sayansi. Alisema amenielewa, kisha akaniuliza kama najua kuogelea. Swali lisilohusiana.

Jambo moja la faragha. Mkataba wangu unaisha tarehe 31. Baba ameandika kutoka Maneromango: mikorosho imeshikwa na magugu, na jembe langu bado lipo pale pale nilipoliacha. Kijiji kile kilinisindikiza kwa ngoma nilipokwenda chuo kikuu. Siwezi kurudi kupalilia mbele ya watu wale wale waliopiga ngoma. Nafasi hii sharti niipate.

Mkakati: Dorice atawauliza akina mama, kama kawaida yake. Mimi nitakwenda kwenye chemchemi yenyewe ya elimu. Huko Magamba yupo Mzee Mwandu, Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake kutoka Shinyanga. Inasemekana hakuna jani la bwawani asilolijua, na kwamba ametibu watu na mifugo kwa miaka mingi.

Jumanne, 5 Machi 1996

Magamba kwa baiskeli ya ofisi. Mnyororo ulichomoka mara nne. Nilivaa koti, tai na kofia ya mahafali, ili mtoa taarifa aelewe tangu mwanzo anazungumza na nani.

Nilimkuta Mzee Mwandu akichonga mpini wa jembe (ishara mbaya, lakini nilijikaza). Nilimwamkia, nikajitambulisha kwa ukamilifu: jina langu Yotham, shahada yangu, daraja la shahada, na kabila langu, Mzaramo.

Aliposikia neno hilo la mwisho aliweka kisu chini. Akamwita mkewe, Bibi Kabula, aliyekuwa akipepeta mchele.

"Kabula, njoo uone. Miaka kumi na miwili nakaa huku sina hata mtani mmoja wa kumtania. Leo kaja mwenyewe, kwa baiskeli, na tai kajifunga."

Nilimjulisha kuwa habari za utani wa Wasukuma na Wazaramo ninazo. Katika mwaka wa tatu niliandika insha ya kurasa kumi na nane kuthibitisha kuwa utani umekwisha kufa miongoni mwa wasomi. Nikamwomba anichukulie kama mtafiti. Mzee Mwandu alisikiliza kwa heshima kubwa. Alisema pole, hakujua kuwa umekufa, na akauliza umezikwa wapi. Kisha akanivua kofia, akaivaa yeye, akanishukuru kwa zawadi.

Nilitaka kuidai. Bibi Kabula akanikumbusha kuwa kitu alichochukua mtani hakidaiwi. Nimeiandika katika orodha ya vifaa: "Kofia, moja, imeazimwa kwa mtoa taarifa."

Baada ya hapo mahojiano yalikwenda vizuri ajabu. Muda wa saa mbili nzima, na mzee hakutabasamu hata mara moja. Kila swali alilijibu kwa utulivu, macho yakiwa juu ya bwawa, kishada kikining'inia sikioni. Bibi Kabula pekee ndiye aliyevuruga kidogo: kila baada ya jibu alikimbilia nyuma ya nyumba kukohoa. Nilimshauri apimwe kifua.

Matokeo ya leo, kwa ufupi. Yungiyungi ni ua lenye kiburi. Ukilichuma bila salamu, dawa yake inapoa. Lazima uingie majini, ulipigie hodi, uulize habari za nyumbani, kisha habari za watoto wake, mmoja mmoja. Niliuliza, kwa umakini wa kitaaluma, idadi ya watoto hujulikanaje. Akasema hesabu majani. Usahihi ulioje! Mzizi wake ukichemshwa huzuia kukoroma kwa mama mkwe, hata kama mama mkwe yupo wilaya nyingine.

Ule mmea unaoelea juu ya maji kama kabichi changa huongeza cheo. Matumizi: kuuvaa kichwani huku umekaa ndani ya maji ya kifua, mpaka chura alie mara tatu.

Nimejaza kurasa kumi na moja. Dorice hana hata moja ya namna hii.

Jumatano, 6 Machi 1996

Siku ya ukusanyaji. Bwawa la Magamba limejaa kwa mvua za masika. Mimea ni mingi kupita kiasi: mafunjo marefu kama nyumba, matete, ndago kando kando, mayungiyungi meupe na ya samawati, na ule mmea wenye kichwa cha kahawia kama mshikaki. Ilinibidi nikiri kuwa mingi nilikuwa nimeiona vitabuni tu, ikiwa bapa na mikavu. Mimea hai inatikisika mno.

Ukingoni nilimkuta Dorice na akina mama watano, wameketi na vikapu, Bibi Kabula akiwa miongoni mwao. Walikuwa wakichambua mizizi na kuzungumza, na Dorice akiandika kwenye twiga wake. Sikuwajali. Nilikunja suruali nikaingia.

Nilichagua yungiyungi la samawati lenye majani thelathini na moja. Nikalipigia hodi. Nikaliuliza habari za nyumbani. Nikaanza na watoto: habari za wa kwanza, habari za wa pili, na kuendelea. Nilipofika wa tisa, akina mama wakaanza kuitikia kwa pamoja kutoka ukingoni: "Mzima!" Nilipofika wa kumi na saba, mmoja akasema huyo anaumwa tumbo. Jambo hili lilinipotezea hesabu na ilinibidi nianze upya, kwani sayansi haivumilii makadirio.

Kisha nikauvaa ule mmea wa kabichi na kukaa majini. Maji ya kifua. Vyura, ambao tangu alfajiri walikuwa wakipiga kelele, walinyamaza wote. Kwa muda wa saa moja na nusu! Chura mmoja alilia mara mbili akaghairi. Muda huo ng'ombe wa Mzee Mwandu waliteremka kunywa maji. Jike moja jekundu likanisogelea, likaninusa, likala cheo changu chote kutoka kichwani.

Mzee Mwandu alikuwa nyuma yao, na kofia yangu. Alinipa pole. Akasema sasa itabidi ng'ombe yule aanze kuamkiwa shikamoo.

Nilipotoka majini, Dorice aliniambia maji yale yana muwasho, nijisugue mara moja kwa majani makavu. Nilimshukuru kwa maoni yake.

Alhamisi, 7 Machi 1996

Siwezi kukaa. Siwezi kusimama. Miguu yote, kutoka nyayo hadi magotini, imetoka vipele vyekundu na inawasha kama imepakwa upupu. Ofisini nilijikuna kwa rula. Mzee Ezekia aliniuliza kama nacheza muziki.

Dorice alikuja mezani kwangu na kopo. Ndani yake majivu yaliyochanganywa na mafuta ya mawese. Akasema ni ule ule mmea unaoelea, umekaushwa na kuchomwa, na kwao Mamba ndivyo watu wa majarubani wanavyojitibu. Kisha akanena kwa sauti ya chini, ili wengine wasisikie:

"Kaka Yotham, hivi huyu mzee wa Magamba ulimwambia kabila lako?"

Nikamjibu kuwa nilijitambulisha kwa ukamilifu. Akanitazama kwa muda mrefu. Akasema basi, anipake.

Hapo ndipo lilipozaliwa wazo la kipaji. Nilimruhusu apake mguu wa kulia tu! Mguu wa kushoto nimeuacha kama ulivyo, uwe mguu wa kulinganishia. Jumamosi, mbele ya Daktari, nitaifunua miguu yote miwili, ikiwa sawasawa, na majivu ya Dorice yataumbuka mchana kweupe. Nilimweleza kwamba ni kanuni ya majaribio. Akasema ni kanuni nzuri sana. Akaandika jambo kwenye daftari lake.

Maskini. Ameandika ushahidi dhidi yake mwenyewe.

Ijumaa, 8 Machi 1996

Siku ya Wanawake Duniani. Mzee Ezekia alitoa hotuba ndefu juu ya kumpunguzia mwanamke mzigo wa kazi, wakati wanawake wa ofisi wakizunguka na birika la chai.

Mguu wa kulia umetulia. Vipele vimekauka na nimelala upande huo kwa raha. Si ajabu, mguu wangu wa kulia umekuwa na damu nzuri tangu utotoni. Wa kushoto umevimba kama boga. Kiatu cha kushoto nimekikata nyuma. Kesho miguu yote itakuwa sawa, naamini.

Maandalizi. Mimea nimeikandamiza chini ya godoro langu hapa nyumbani Kawajense, kwa kuwa ofisi haina kikandamizio cha kukaushia mimea. Godoro limelowa. Mama mwenye nyumba anasema chumba kinanuka samaki. Vielelezo vitatu nilivianika uani, bata wake wakavila. Nimewachunguza bata kwa muda wa saa nzima ili kuona kama vyeo vyao vitapanda. Hakuna badiliko la kuandika.

Bado ninavyo vielelezo kumi na tisa na matumizi ishirini na matatu. Hotuba nimeiandika kwa Kiingereza, yenye maneno arobaini ya Kilatini.

Habari mbili za jioni. Ya kwanza: Daktari Séverine amewasili mapema. Amezaliwa Kalemie, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na anapenda kuzungumza Kiswahili. Hotuba nzima imeharibika! Ya pili: alipokuwa akipita Magamba aliona mzee anachunga ng'ombe akiwa amevaa kofia ya mahafali. Akasimamisha gari. Dereva wake anasema walikaa pale mpaka ng'ombe wakarudi zizini wenyewe.

Nimefurahi mno. Mtoa taarifa wangu ananipigia debe bila kuombwa.

Jumamosi, 9 Machi 1996

Nitaandika mambo kama yalivyotokea, kwa haki.

Ukumbi wa ofisi ulijaa. Daktari Séverine ni mama mfupi, mnene kidogo, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Mbele kabisa, kwenye kiti cha mgeni rasmi, alikaa Mzee Mwandu na kofia yangu. Bibi Kabula pembeni yake, na leo hakukohoa.

Nilianza mimi. Nilitandaza vielelezo kumi na tisa, ingawa sita vilikuwa vimegandamana na kuwa kimoja. Nilieleza kiburi cha yungiyungi, salamu zake na mama mkwe wa wilaya nyingine. Watu walikuwa kimya kabisa, kimya cha watu wanaojifunza. Wengine waliziba midomo kwa viganja. Daktari aliuliza swali moja tu, kwa Kiswahili cha kwao:

"Ile ua ilikuwa na batoto ngapi?"

Nikajibu bila kusita: thelathini na moja, wa kumi na saba akiwa mgonjwa wa tumbo. Aliandika! Akavua miwani, akaipangusa, akajipangusa na macho. Nilikaa nikiwa na hakika ya ng'ambo.

Kisha Dorice. Mimea tisa tu. Tisa! Lakini kwa kila mmoja alikuwa na jina la Kipimbwe, lugha ya kwao Mamba, na la Kisukuma, nani alimweleza, nani amewahi kuutumia, na unachemshwaje. Mzizi wa yungiyungi, kwa tumbo la kuharisha. Kiazi cha ndago, hutafunwa tumbo likinyonga. Manyoya ya ule mmea wa mshikaki, huwekwa juu ya mtu aliyeungua. Alisema pia ni wapi dawa ilishindwa na mgonjwa akapelekwa hospitali. Nusu ya hayo, alisema, amefundishwa na Bibi Kabula. Hapo nikashangaa. Nyumba ile ile! Bibi hakunieleza lolote.

Dorice alipofika kwenye mmea wa kabichi, akaniomba nisimame. Nilisimama kwa hamu, maana ndiyo nafasi niliyokuwa naisubiri. Nilikunja suruali mwenyewe, miguu yote miwili.

Wa kulia ulikuwa laini kama wa mtoto. Wa kushoto sitauelezea.

Daktari alipiga magoti sakafuni, akaipima miguu yangu kwa utepe. Akauliza nani alikuwa na wazo la kuuacha mguu mmoja bila dawa. Dorice akasema ni Kaka Yotham. Daktari akasema katika miaka ishirini ya kazi hajapata kuona mgonjwa aliyejitolea kiasi hicho.

Mzee Ezekia, kwa aibu ya ofisi, alimgeukia Mzee Mwandu, akamuuliza kwa nini alimdanganya mtaalamu wa serikali. Mzee akainuka taratibu, akaisawazisha kofia.

"Mkuu, sikumdanganya. Neno langu la kwanza lilikuwa mtani. Mtani akija kuuliza, anataniwa kwanza, mnacheka, mnakula, ndipo anauliza la kweli. Nyie wasomi mnauliza mkiwa mmesimama. Huyu nimemngoja acheke siku nne. Ugali Kabula kapika siku ya kwanza, umelala."

Kulikuwa na kicheko kirefu. Sikuona kilichochekesha, ila nilizingatia kuwa sampuli ya watu waliocheka ilikuwa kubwa.

Uamuzi: nafasi ni ya Dorice. Bibi Kabula amekuwa mshauri wa utafiti, na Mzee Mwandu ataonyesha njia za kinamasini. Mimi Daktari aliniita kando. Alisema kama nitapenda, yuko tayari kuniombea miezi mitatu zaidi, nibebe vikandamizio na kuandika anachokisema Dorice. Mimi! Mbele ya Dorice! Nilimwambia nitatafakari. Tena ameniomba ruhusa ya kuchapisha picha ya miguu yangu katika jarida la kimataifa.

Nimeruhusu. Waandishi wa habari za maisha yangu waangalie hapa: jarida la kimataifa, kabla ya umri wa miaka ishirini na saba.

Jumapili, 10 Machi 1996

Kanisani mguu wa kushoto uliniuma hata sikuweza kusimama wakati wa kukiri imani. Niliporudi nilimkuta Dorice mlangoni na kopo jipya la majivu. Aliniambia, kwa sauti isiyo na kejeli hata kidogo, kwamba kesho Jumatatu wanaanza saa moja asubuhi kwenye bwawa la Magamba, na kwamba nafasi ya kubeba vikandamizio ataishikilia mpaka Jumatano.

"Kaka, mikorosho haikimbii. Njoo tufanye kazi."

Sijui nani alimweleza habari za mikorosho. Nilimshukuru. Majivu nimeyakataa: mguu wa kushoto ukipona sasa, ulinganisho wote utaharibika.

Nimekaa na kulitafakari jambo hili kwa utulivu, na nimegundua kosa langu. Sikuuliza maswali ya kutosha.

Hivyo mchana nilikwenda tena Magamba. Mzee Mwandu alinipokea kwa furaha, akanikaribisha ugali na kambale. Nikamwambia chakula kitasubiri, nimekuja kikazi. Nikamuuliza, nikiwa nimesimama, kama katika bwawa lile upo mmea wa kubadilisha uamuzi wa Daktari.

Akamtazama Bibi Kabula. Bibi Kabula akaweka mwiko chini, akakimbilia nyuma ya nyumba. Kifua chake kimerudi, tena vibaya kuliko mwanzo, nitampelekea dawa.

Mzee akasema upo. Ni matete ya katikati kabisa, pale maji yanapofika shingoni. Lakini matete hayakai mmoja mmoja kama yungiyungi, yanakaa kwa ukoo. Lazima niyasalimie yote, kila moja kwa jina lake, na majina niyatunge mwenyewe kwa vile mimi ndiye msomi. Koti na tai ni lazima. Kofia pia ingefaa, alisema, lakini sasa ni yake.

Nimeyahesabu kutoka ukingoni. Ni mia nne na kumi na mawili, bila wajukuu. Mpaka sasa nimetunga majina sitini. Naanza kesho saa kumi na mbili asubuhi, kabla Dorice hajafika na kunivurugia hesabu.